Amana Inapochorewa Mipaka: Bahari, Ardhi na Wajibu wa Anayepanga

Kila mpango wa matumizi ya ardhi na bahari, yaani kila uamuzi wa mamlaka kwamba sehemu hii italimwa, ile itajengwa, nyingine itavuliwa na nyingine itaachwa ipumzike, umebeba swali ambalo ramani yenyewe hailitaji: anayechora mstari anauchora kwa haki gani juu ya kitu ambacho hakukiumba, na ambacho wengine walikuwa wakikitegemea kabla yeye hajafika? Wataalamu wa mipango hulisukuma swali hili kwa wanasheria, wanasheria hulijibu kwa kutaja kifungu, na mazungumzo mara nyingi huishia hapo, ilhali kifungu nacho husimama juu ya imani fulani kuhusu mahali pa binadamu duniani. Katika mwambao wa Afrika Mashariki imani hiyo hutajwa zaidi kwa jina la amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe hadi siku atakapoulizwa habari zake. Fundisho hilo ni sahihi na lina mizizi mirefu, lakini kwa muda sasa limehubiriwa kwa upande mmoja tu, kwa mvuvi na mkata mikoko, huku yule aliyeshika kalamu na muhuri akiachwa kana kwamba amana haimhusu, wakati asili ya fundisho lenyewe inaonyesha kwamba yeye ndiye wa kwanza kufungwa nalo.

Sheria za Tanzania zenyewe zinatumia lugha ya amana, ingawa kwa msamiati wa dola. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma na kwamba Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Na mdhamini, kwa maana ya kisheria, ni mtu anayeshika mali kwa faida ya mwingine wala si kwa faida yake. Fikra hii ilikuwapo miongo minne kabla ya sheria hizo, katika kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1958 kilichoitwa Mali ya Taifa, ambamo aliupinga umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja kwa hoja kwamba ardhi ni tunu ya Mungu kwa viumbe wake wote, na kwamba kile mtu anachoweza kukiita chake kwa haki ni jasho lake na matunda ya jasho hilo. Nyerere alikuwa Mkatoliki na aliandika kama mwanasiasa anayedai uhuru wa nchi, lakini msingi wa hoja yake ungetambuliwa mara moja na kadhi yeyote wa Pwani.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, walilishughulikia suala hilo hilo katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Ardhi mfu ni ile isiyo na mwenyewe, isiyolimwa na isiyotumiwa na jamii, na anayeihuisha kwa kulima, kuchimba kisima au kujenga hupata haki juu yake. Msomaji wa falsafa ya Ulaya ataona hapa ukaribu na John Locke, ambaye mwishoni mwa karne ya 17 alifundisha kwamba mtu huifanya ardhi kuwa yake kwa kuchanganya kazi yake nayo, mradi awaachie wengine ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Ukaribu huo ni wa juujuu. Kwa Locke sharti la kuwaachia wengine linakuja baada ya haki kuzaliwa, kama kizuizi kwake. Kwa wanafikihi kuna vitu ambavyo kazi ya mtu haiwezi kamwe kuvifanya vyake, hata akikesha akivifanyia kazi, kwa sababu tangu mwanzo ni vya watu wote. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad (s.a.w.) inataja vitatu ambavyo watu ni washirika kwavyo, navyo ni maji, malisho na moto, na wanazuoni waliipa orodha hiyo upana kwa kufuata sababu yake, wakaingiza chumvi ya juu ya ardhi, njia, mito na bahari.

Bahari ndipo tofauti hii inapozaa matunda. Mwaka 1609 mwanasheria wa Kiholanzi Hugo Grotius alitoa kitabu chake cha kutetea uhuru wa bahari, hasa ili Waholanzi waweze kufanya biashara katika Bahari ya Hindi bila kuzuiwa na Wareno, na hoja zake kuu zilikuwa mbili: kwamba bahari haiwezi kushikwa na mtu akaizungushia ua, na kwamba matumizi ya mmoja hayaipunguzi kwa mwingine kwa kuwa haiishi. Hoja ya kwanza ilidhoofika siku nyingi, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ukaipa kila nchi ya pwani mamlaka ya kiuchumi hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni. Hoja ya pili haikuwa kweli hata kidogo, maana bahari huisha: mwamba wa matumbawe uliovunjwa kwa baruti hubaki kifusi kwa miaka mingi, na samaki aliyenaswa kabla hajataga hawezi kurithiwa. Lakini ijapokuwa nguzo ya Grotius imeanguka, ushirika uliofundishwa na wanafikihi haukuanguka pamoja nayo, kwa kuwa haukusimama juu ya wingi wa kitu bali juu ya hitaji la watu. Uhuru unaotegemea wingi hufa siku wingi unapokwisha, ilhali haki ya ushirika inayotegemea hitaji huwa nzito zaidi pale kitu kinapokuwa haba. Hapo ndipo mpango unapopata uhalali wake, kwa sababu washirika wa kitu haba hawana budi kugawana zamu na mipaka, na hapo hapo ndipo unapopata masharti yake, kwa sababu mgawanyo unaomtoa mshirika nje ya shirika si mgawanyo tena.

Chombo cha kale kilichotumika kufanya kazi hii kinaitwa hima, yaani eneo la malisho au msitu linalofungwa kwa muda au daima kwa maslahi ya umma. Hima ilikuwapo Arabuni kabla ya Uislamu, lakini kwa sura ya dhuluma: husimuliwa kwamba mkuu wa kabila, na anayetajwa sana ni Kulayb, alikuwa akimbwekesha mbwa mahali palipoinuka, na popote sauti ilipofika pakawa pake peke yake, huku mifugo wake wakiendelea kula pamoja na wa wenzake katika maeneo yaliyobaki. Mtume aliifuta hima ya namna hiyo na kuibakisha ile tu inayofungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ambayo wanazuoni waliifasiri kuwa ni kwa manufaa ya umma, na mwenyewe akalifunga bonde la Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Kufunga eneo, basi, hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni mwenye nguvu kufunga kwa faida yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Khalifa wa pili, Umar bin al-Khattab, ambaye alifunga malisho ya Rabadha kwa ajili ya ngamia wa Zaka na wanyama wa jihadi, akamweka mlinzi aliyeitwa Hunayy. Maagizo aliyompa, ambayo yamehifadhiwa katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sahih ya Bukhari, yanastahili kusomwa na kila ofisa wa mipango. Kwanza alimwonya Hunayy asiwaonee watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwamuru awaruhusu kuingia wale wenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini awazuie mifugo wa Abdurrahman bin Awf na wa Uthman bin Affan, wawili waliokuwa miongoni mwa Masahaba wakubwa na matajiri. Sababu aliyoitoa ni ya kiuchumi kabisa: matajiri hao wakipoteza mifugo yao wana mitende na mashamba ya kurudia, ilhali mwenye wanyama wachache akiwapoteza atakuja na watoto wake kwa Khalifa, na Khalifa hatakuwa na njia ya kumwacha. Zaidi ya hayo Umar alikiri kwamba watu wa eneo lile walimwona amewadhulumu, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake, na kwamba lau si haja ya umma asingeifunga hata shibiri moja.

Mambo manne yamo katika maagizo hayo, na yote hukosekana katika mipango mingi ya leo: sababu ya kufunga imetajwa, anayeumizwa na kufungwa ametambuliwa, wenyeji wamekubaliwa kuwa ni wenyeji, na, lililo kubwa zaidi, mpangilio wa nani aingie kwanza umewekwa kwa kuanzia kwa mnyonge. Hili la mwisho halikuwa sadaka wala hisani aliyoachiwa Hunayy aitoe akipenda. Lilikuwa sehemu ya amri ya kufunga.

Amana humfunga mpangaji pia pale anapogundua kwamba amekosea. Abyadh bin Hammal alimwomba Mtume ampe mgodi wa chumvi wa Ma'rib, huko Yemen, akapewa. Na alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo akaeleza kwamba alichopewa Abyadh ni kama maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu wote hukichukua bila kazi ya kukichimbua, na Mtume akakirudisha kwa umma. Hukumu iliyotolewa na wanazuoni kutokana na kisa hiki ni kwamba mtawala hana mamlaka ya kumgawia mtu mmoja rasilimali iliyo wazi na inayohitajiwa na wote, na kwamba akigawa kwa kutojua, ugawaji huo hutenguliwa. Ni vigumu kusoma kisa hiki bila kufikiria fukwe za mwambao, ambako ukuta wa hoteli umeshuka mahali fulani hadi yanapofika maji ya bamvua na njia ya wavuvi kwenda kwenye ngalawa zao ikawa kichochoro kati ya kuta mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Kipimo cha mita 60 kinafanana na kile ambacho fikihi hukiita harimu, yaani ukanda ulioachwa kuzunguka kisima, mto au chemchemi ili kitu hicho kisiharibiwe na watu waweze kukifikia, na ambao kwa kisima cha kunyweshea wanyama hadithi moja inautaja kuwa dhiraa 40. Kanuni basi zipo katika dini na katika dola. Kinachopungua ni utayari wa kutengua kilichogawiwa kimakosa.

Oman, nchi iliyofungamana na mwambao huu kwa karne nyingi za utawala, biashara na undugu, ina mfano wa mgao ambao umedumu hadi leo. Mfereji wa falaji huleta maji kutoka chini ya milima hadi vijijini bila pampu, na maji yake hugawanywa kwa muda, kwa kipimo kiitwacho athari ambacho ni karibu nusu saa, zamani kikihesabiwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mifumo 5 ya aina hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwenye shamba humiliki zamu yake na anaweza hata kuiuza, lakini pale maji yanapotokeza kijijini, kabla ya kuingia shamba lolote, ni pa kunywa kwa kila mtu, mwenye zamu na asiye nayo.

Katika Afrika Mashariki jaribio linalojulikana zaidi la kuunganisha fundisho la amana na mpango wa bahari ni la Misali, kisiwa kidogo kilichopo magharibi mwa Pemba mkabala na Chake Chake. Wavuvi wa Pemba wana dago huko, yaani kambi za muda ambazo mtu hulala akifuata msimu wa samaki, na wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, na walipomwambia hawana, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea Kibla na kitatosha kuwa msala. Kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, sehemu ya mwamba ikafungwa kabisa na sehemu kubwa ikabaki wazi kwa wavuvi, na katika miaka iliyofuata masheikh na walimu wa madrasa walishirikishwa, kwa msaada wa taasisi ya Fazlun Khalid ya ikolojia ya Kiislamu iliyopo Uingereza, kuwafundisha watu kwamba kuvua kwa baruti na kuvunja matumbawe ni ufisadi katika ardhi, yaani uharibifu ambao Kurani imeukataza. Baadhi ya wavuvi waliwaeleza waandishi wa habari kwamba sheria ya serikali mtu anaweza kuikwepa, lakini ya Mungu hakuna wa kuikwepa, na kauli hiyo imenukuliwa tangu hapo katika mikutano mingi ya uhifadhi kama ushahidi kwamba dini inafaa.

Inafaa, bila shaka. Lakini kauli ile inasema zaidi ya ilivyosikilizwa. Ikiwa sheria ya Mungu haikwepeki, basi haikwepeki pia kwa anayetoa kibali cha meli kubwa ya uvuvi, kwa anayepima kiwanja juu ya mikoko, na kwa anayeandika ada ya kuingia hifadhini bila kusema ni sehemu gani ya ada hiyo itarudi kwenye dago. Dini inayotumiwa kama chombo cha kupunguza gharama za doria imepunguziwa hadhi yake, na mvuvi, ambaye si mjinga, huitambua haraka hotuba ambayo aya zake zote zinamwelekea yeye.

Jambo hili huonekana kwa karibu katika kufunga miamba ya pweza, utaratibu ambao umeenea katika vijiji kadhaa vya Pemba na Unguja. Pweza hukua upesi mno na huishi muda mfupi, kwa kawaida hauzidi miaka miwili, kwa hiyo mwamba ukifungwa miezi mitatu, pweza wanaokutwa siku ya kufungua huwa wakubwa na wazito. Kama mpango wa uzalishaji, hauna kasoro kubwa. Kasoro imo katika swali la nani alikuwa akitumia mwamba huo kabla haujafungwa. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, wanaoshuka kwa miguu juu ya mwamba wakiwa na kijiti cha kuchokolea na ndoo ni wanawake kwa wingi, na pweza mmoja au wawili wa siku hiyo ndio mboga na ndio senti za daftari la mtoto. Mwanamume mwenye ngalawa, eneo likifungwa, huenda mbali zaidi. Mwanamke anayetembea kwa miguu hana mbali pa kwenda. Naye ndiye anayebeba miezi mitatu ya kusubiri, kisha siku ya kufungua hufika wazamiaji wenye miwani na vyombo, wengine kutoka vijiji vya jirani, wakaingia kwenye kina asichokifikia na kumaliza walio wakubwa kabla maji hayajapwa vya kutosha yeye kushuka. Kwa kanuni ya Rabadha, jibu halihitaji utafiti mrefu: siku za kwanza za ufunguzi ziwe za wanaotembea kwa miguu, na wenye vyombo wafuate.

Kilimo cha mwani kinaleta swali la jirani yake. Tangu mwaka 1989, kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani, wanawake wa mashariki ya Unguja wamepigilia mambo katika mchanga wa pwani, wakafunga kamba na kupanda, na kila mmoja anajua shamba lake liko wapi ingawa hana hati. Je, kazi yao imewapa milki? Kwa hukumu za fikihi haikuwapa, kwa kuwa pwani si ardhi mfu. Lakini imewapa haki ya aliyetangulia, ile ile ambayo wanazuoni walimpa mchuuzi aliyewahi mahali sokoni, ambaye hawezi kupauza wala kuondolewa maadamu anapatumia. Haki hiyo ya katikati, iliyo chini ya milki na juu ya uvumilivu, ndiyo inayokosekana katika mipango ya fukwe za utalii, ambamo mkulima wa mwani huonekana kama mtu aliyeruhusiwa kuwapo hadi atakapohitajika mwingine, kwa mfano wenye michezo ya upepo majini ambao nao wanaupenda uwanda ule ule wa maji mafupi.

Kuna pingamizi zito dhidi ya yote haya, nalo ni kwamba Tanzania ni nchi isiyo na dini, kwamba Kenya ina watu wa imani nyingi, na kwamba mpango wa umma hauwezi kujengwa juu ya fikihi. Pingamizi hili ni la haki likimaanisha kwamba hukumu za dini moja zisilazimishwe kwa watu wa dini nyingine. Si la haki likimaanisha kwamba watu waache hoja zao bora nyumbani wanapoingia katika kikao cha kijiji. Wazee wa Mijikenda wameilinda misitu ya kaya, ambayo sehemu yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, kwa miiko isiyotoka katika kitabu chochote. Papa Francis, katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu dunia kama nyumba ya wote, aliweka kilio cha ardhi na kilio cha maskini katika sentensi moja. Na Elinor Ostrom, mtaalamu wa sayansi ya siasa aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha bila kutegemea dini yoyote kwamba jamii nyingi hutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi pale watumiaji wenyewe wanaposhiriki kutunga kanuni na mipaka inapojulikana. Njia hizi hazifanani na hazipaswi kulazimishwa zifanane. Zinachokubaliana ni kwamba anayefunga eneo anadaiwa maelezo na wale anaowafungia nje.

Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya sasa zinaelekea katika mipango mikubwa ya bahari, ambayo itagawa maji kwa ajili ya uvuvi, utalii, gesi, bandari, ufugaji wa viumbe vya baharini na hifadhi. Kamati za Wavuvi za Shehia, halmashauri za vijiji na masheikh wanaoalikwa kufungua mikutano kwa dua wana haki ya kuomba, kabla ya kutia saini chochote, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili unaosema kila eneo linafungwa kwa sababu gani, nani atapoteza, atafidiwa nini, na siku litakapofunguliwa nani ataingia kwanza. Na ukurasa huo ukikosekana, waombe mkutano uahirishwe mpaka uletwe.